Ukinunua kwa Simu, Unanunua kwa Nani?



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja kutoka Kanamkemer alitujia ofisini akiwa na simu mkononi na machozi machoni. Alikuwa ameona kwenye simu ya kijana wake picha ya sola ya nyumbani: taa tatu, redio na mahali pa kuchajia simu. Juu ya picha kulikuwa na jina na alama ya kampuni inayojulikana. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile ya dukani. Akapiga namba iliyoandikwa pale, jamaa akamjibu kwa heshima sana, akamwita "mama yangu". Akatuma shilingi 3,500, pesa ambazo alikuwa ameziweka kidogo kidogo kutokana na kuuza makaa. Kesho yake akatumiwa picha ya risiti na kuambiwa mzigo uko kwenye basi, unakuja Lodwar.

Alienda kwenye ofisi ya basi siku tatu mfululizo. Siku ya nne ile namba ilikuwa imezimwa.

Mama huyu hakunyamaza. Alienda kwa wakala wa kampuni hapa mjini, akaambiwa, "Mama, sisi hatukukuuzia kitu." Akaenda kwenye kibanda cha kutuma pesa, wakamwambia, "Pesa zilienda pale ulipozituma." Akaenda polisi, naye askari akamuuliza swali moja tu: "Ni nani aliyekuuzia?" Hakuwa na jibu.

Swali hilo la askari ndilo tumelifanya kichwa cha makala haya. Mama yule si mjinga. Sokoni Lodwar hakuna mtu awezaye kumpunja, maana anajua kupatana bei na anajua kupima. Lakini sokoni humwona muuzaji uso kwa uso, anajua ni wa ukoo gani, na kesho atamkuta pale pale. Katika simu, yote hayo hayapo. Kwa hiyo yafaa sisi sote tujifunze aina za uhusiano zilizomo ndani ya biashara hii, kwa sababu haki ya mtu hutegemea ni uhusiano gani ameingia, na na nani.

Biashara hii ilitufikiaje?

Huko Marekani biashara ya kupitia kompyuta ilishika kasi mwaka 1995. Mwaka huo kampuni ya Amazon ilianza kuuza vitabu kwa watu waliokuwa majumbani mwao. Mwaka huo huo ilianza ile iliyokuja kuitwa eBay, ambayo yenyewe haikuwa na bidhaa. Iliwakutanisha tu watu wenye vitu na watu wanaovitaka. Kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kitochi kibovu cha mwanga mwekundu, na kilinunuliwa kwa dola 14.83. Tangu mwanzo basi, kulikuwa na njia mbili tofauti: kampuni inayokuuzia, na kampuni inayokuonyesha tu mtu wa kukuuzia. Tofauti hiyo tuishike vizuri, tutairudia.

Kwetu Kenya mlango ulifunguliwa na M-Pesa mwezi wa Machi 2007. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, na duka lolote likaweza kupokea malipo kwa namba ya tili. Leo mwenye kioski pale Kakuma, muuza samaki wa Kalokol na kinyozi wa Lodwar wote wana namba zao ukutani. Tusidhani kwamba huku kwetu ni pembeni, biashara haipo. Uchunguzi wa shirika la IFC la Benki ya Dunia, uliotolewa 2018, ulionyesha kwamba Kakuma, kambi na mji pamoja, ina biashara zaidi ya 2,000, na soko lake lina thamani ya karibu dola milioni 56 kwa mwaka. Penye pesa nyingi hivyo, wafanyabiashara watafika, na wakora pia watafika.

Hebu sasa tuangalie aina tano za uhusiano.

1. Kampuni na mteja

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Kampuni ina bidhaa au huduma, wewe unanunua kwa matumizi yako. Ukiagiza sufuria kutoka Jumia, iliyoanza Kenya mwaka 2013, uko hapa. Ukichukua sola ya M-Kopa na kulipa kidogo kidogo kwa simu, uko hapa. Hata kununua kredo ya simu ni uhusiano huu.

Uzuri wake ni kwamba kampuni ina jina, imeandikishwa, ina ofisi, na inaweza kushtakiwa. Hasara yake kwetu ni umbali. Kuagiza kitu Nairobi, karibu kilomita 700, kuna gharama ya usafiri, na kukirudisha kikiwa kibovu kuna gharama nyingine. Kabla ya kuagiza tuulize mambo mawili: nani analipa mzigo ukirudi, na nitauchukulia wapi hapa Lodwar au Kakuma?

Lakini tahadhari. Ndani ya duka kubwa la mtandaoni mna wauzaji wengi wadogo waliopanga nafasi, kama vile vibanda sokoni. Jina la juu ni la mwenye soko, mzigo ni wa mwenye kibanda. Soma jina la muuzaji mwenyewe kabla ya kulipa, na ulipe kwa njia ya lile soko tu. Muuzaji akikwambia, "Nitumie moja kwa moja kwa namba yangu, nitakupunguzia," anakutoa nje ya ua. Huko nje mwenye soko hana jukumu nawe tena.

Tujue pia kwamba kampuni yenye jina kubwa inaweza kuanguka. Copia, iliyoanza 2013 na kuwafikia watu wengi wa vijijini kwa njia ya mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Kwa hiyo tusiache pesa nyingi zikae kwa kampuni tukingojea bidhaa. Penye nafasi, tulipe mzigo ukifika.

Mikopo ya simu nayo imo humu. Hapo bidhaa unayonunua ni pesa, na bei yake ni riba. Kuanzia 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinataka kila mkopeshaji wa namna hii awe na leseni, na zinamkataza kuchukua namba za watu waliomo kwenye simu yako ili awatumie ujumbe wa kukuaibisha ukichelewa kulipa. Kuna vijana wetu waliotukanwa mbele ya wakwe zao kwa deni la shilingi 800. Aliyefanya hivyo amevunja kanuni, hata kama deni ni la kweli.

2. Kampuni na kampuni

Uhusiano huu hatuuoni, lakini tunaula kila siku. Mwenye duka la jumla Kakuma huagiza unga, mafuta na sukari kutoka Kitale, Eldoret au Nairobi. Siku hizi hatumi mtu. Anaangalia bei kwenye simu, anapiga picha ya orodha, anatuma kwa WhatsApp, analipa, na lori linapakia.

Mbona tunalitaja ikiwa sisi si wenye maduka? Kwa sababu bei iliyopatikana kule ndiyo inayotufikia mezani. Duka moja dogo likiagiza marobota matatu, linauziwa bei ya juu. Maduka kumi yakiagiza pamoja kwa lori moja, bei hushuka. Vikundi vyetu vya akina mama vinaweza kufanya vivyo hivyo: kuandikisha kikundi, kufungua akaunti kwa jina la kikundi, na kuagiza kama mfanyabiashara. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Sheria za kumlinda mtumiaji zimewekwa hasa kwa ajili ya mtu anayenunua kwa matumizi yake na ya nyumba yake. Kikundi kinachonunua ili kiuze hutazamwa kama mfanyabiashara, nacho hutegemea zaidi mapatano yake. Basi mapatano yaandikwe. Kiasi, bei, siku ya kufika, na nani atabeba hasara unga ukilowa njiani.

3. Mtu na mtu

Hapa hakuna kampuni kati yenu. Mtu wa Lokichoggio anauza pikipiki, anaweka picha kwenye kundi la WhatsApp, kwenye soko la Facebook au kwenye Jiji. Mtu wa Lodwar anaiona, wanapatana. Mbuzi, vitanda, simu zilizotumika, hata mashamba, vyote hupita hapa.

Hii ndiyo njia ya bei nafuu zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi. Ule ukurasa wa matangazo ni kama mti wa katikati ya kijiji, ambapo kila mtu hubandika karatasi yake. Mti haujui kama tangazo ni la kweli.

Mama yetu wa Kanamkemer alianguka hapa. Yeye alidhani yuko katika uhusiano wa kwanza, wa kampuni na mteja, maana aliona alama ya kampuni. Kumbe alikuwa katika uhusiano wa tatu: mtu asiyemjua, aliyeiba picha ya kampuni. Pesa alizituma kwa namba ya mtu binafsi, si kwa namba ya malipo ya kampuni. Hiyo ndiyo ishara aliyoipita bila kuiona.

Kanuni ya hapa ni ile ya mnadani. Mbuzi hununuliwi kwa kusikia mlio wake. Umshike, umfungue mdomo, uhesabu meno. Kama kitu kiko mbali, mtume ndugu au mtu wa parokia ya huko akakione. Pesa na mali vipishane mkono kwa mkono.

4. Mtu kuiuzia kampuni

Huu umegeuka. Sasa wewe mwananchi ndiwe mwenye kitu, kampuni ndiyo inayonunua. Kina mama wetu wanaosuka vikapu vya majani ya mkoma wako hapa, wanapomuuzia mfanyabiashara anayeviweka mtandaoni kwa wateja wa Nairobi na ng'ambo. Vijana wetu waliojifunza kompyuta wako hapa pia. Learning Lions imekuwa ikiwafundisha vijana wa Turkana kuchora picha kwa kompyuta, kutengeneza tovuti na kupiga video, na chuo chake cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichochorwa na Francis Kéré na kumalizika 2021, kina minara mirefu kama vichuguu vya mchwa inayotoa hewa ya joto nje. Kijana akikaa pale anaweza kufanya kazi ya kampuni iliyo Ulaya. Kakuma nako wakimbizi wamefundishwa kazi za namna hii na mashirika mbalimbali.

Shida ya uhusiano huu ni kwamba mmoja ni mdogo na mwingine ni mkubwa. Tuseme kikapu kimemchukua mama siku nne, akapewa shilingi 400. Je, anajua kinauzwa kwa ngapi kule mbele? Simu hiyo hiyo iliyoleta mnunuzi inaweza kumwonyesha bei. Atafute, aone, kisha apatane. Kijana naye adai sehemu ya malipo kabla ya kazi, tena aandikiwe kazi ni nini na itaisha lini. Na yeyote anayekwambia ulipe ada kwanza ili upewe kazi, huyo si mwajiri.

Kuna kitu kingine tunachouzia kampuni bila kujua, nacho ni habari zetu wenyewe: jina, kitambulisho, sura, mahali tulipo. Mwaka 2023 watu wengi walipanga foleni Nairobi ili macho yao yapigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo Serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari zile zifutwe. Pesa zikiisha matumizi, jicho lako bado ni lile lile. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kwa nini habari zako zinachukuliwa na zitatumiwaje. Uliza.

5. Serikali au shirika, na mwananchi

Hii si biashara kamili, lakini hupitia njia zile zile. Tukilipia cheti au leseni kwa eCitizen, iliyoanza 2014, tuko hapa. Mpango wa HSNP wa kuzuia njaa, katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kwa miaka mingi uliwapa jamaa maskini shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili kwa njia ya akaunti ya benki.

Kule Kakuma, mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula. Mkimbizi alipata thamani ya sehemu ya chakula chake kwenye simu, akaenda kuchagua mwenyewe katika duka lililoandikishwa. Lilikuwa jambo jema, kwa sababu liliheshimu mtu: mama aliweza kuchagua maharagwe au nyama, na mwenye duka alipata wateja. Baadaye Kalobeyei wakaanza kupewa pesa taslimu kwa benki.

Lakini tazameni hapa uhusiano ngapi umejifunga katika fundo moja. Kuna shirika na mkimbizi, kuna kampuni ya simu au benki na mkimbizi, kuna duka na mkimbizi, na kuna duka na duka la jumla. Msaada ukichelewa au ukipunguzwa, mama hukopa dukani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza Kalobeyei waliona kwamba wengi waliishi kwa deni, na kuna waliomwachia mwenye duka kadi ya benki pamoja na namba ya siri kama rehani. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kwenda duka lingine lenye bei nafuu. Teknolojia ilimpa uhuru wa kuchagua, deni likaufunga.

Sisi hatusemi mwenye duka ni mtu mbaya. Mara nyingi ndiye aliyewalisha watu wakati hakuna mwingine. Tunasema tu kadi na namba ya siri si rehani. Deni liandikwe katika daftari mbili, moja ya duka na moja ya mteja, na kadi ikae kwa mwenyewe. Vilevile anayetumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine ajue kwamba, mbele ya kampuni, pesa zilizomo ni za yule mwenye jina.

Sheria inatulinda namna gani?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Tena kifungu hicho kinahusu bidhaa za serikali pia, si za wafanyabiashara tu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inagusa hata mapatano ya mtandaoni: muuzaji hutakiwa kueleza wazi masharti kabla hujakubali. Wizi wa kutumia kompyuta na simu uko chini ya sheria ya 2018. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambapo si lazima kuwa na wakili. Ulizeni katika mahakama ya Lodwar namna ya kupeleka madai.

Kabla ya kutuma pesa

Tafadhali someni haya kwa sauti, hasa kwa wazee wasiosoma:

– Jiulize: huyu ni kampuni, ni mtu, au ni shirika?
– Tazama jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kama ulitaka kulipa kampuni na limetokea jina la mtu, acha.
– Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, pumzika, ulale nayo usiku mmoja. Tapeli hupenda haraka.
– Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema ametoka kwa kampuni ya simu, benki au kanisa.
– Usifute ujumbe. Ujumbe wa malipo ndio risiti yako na ushahidi wako.
– Ukituma pesa za M-Pesa kwa namba isiyo sahihi, peleka ujumbe ule kwa 456 mara moja. Namba ya tapeli ipeleke kwa 333.

Mwisho wa habari ya mama yetu

Hatutawadanganya: mama yule hakurudishiwa pesa zake. Lakini tulikaa naye, tukaandika kila kitu kwa tarehe na saa, akarudi polisi na karatasi mkononi badala ya machozi peke yake. Safari hii aliandikiwa. Namba ya tapeli ilitolewa taarifa. Tena aliomba asimame mbele ya jumuiya yake aeleze, jambo ambalo halikuwa rahisi, kwa sababu aibu ndiyo inayowalinda wakora. Alipomaliza, watu wanne wengine waliinua mikono. Nao walikuwa wametapeliwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Kitabu cha Mithali kinatuonya juu ya mizani ya udanganyifu. Leo mizani hiyo imeingia ndani ya simu, lakini Mungu anayeichukia ni yule yule. Ukiwa muuzaji, pima kwa haki hata kama mnunuzi hakuoni. Ukiwa mnunuzi, uliza bila haya.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya ndogo ndogo

1. Kati ya aina hizi tano, ni ipi inayotumiwa zaidi hapa petu?
2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu aliyepoteza pesa kwa simu? Tulimsaidia au tulimcheka?
3. Ni kitu gani tunachoweza kununua au kuuza pamoja kama kikundi?
4. Nani kati yetu, hasa vijana, anaweza kujitolea kumwangalizia mzee simu kabla hajatuma pesa?